Besi yangu ya kandi nyekundu: rangi ya gari kwenye gitaa, niliyoharibu na niliyorekebisha hapa Dodoma

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habarini za jioni. Kila mwezi kuna mtu ananifuata chemba kuuliza gitaa langu la besi, ile nyekundu, niliinunua wapi. Sikuinunua hivyo. Ni besi nyeusi ya Kichina ya Kariakoo, imepigwa rangi mara mbili hapahapa Dodoma. Mara ya kwanza iliharibika, mara ya pili ndiyo hiyo mnayoiona. Nimechoka kujibu mmojammoja, namwaga yote hapa. Picha nitaweka nikipata bando, msianze.

Kwanza niseme na wale wanaodai rangi ya gari kwenye gitaa ni ushamba wa gereji. Wenye gitaa zao ndio walioanza. Fender wa Marekani, walioleta Precision Bass mwaka 1951, rangi zao nyingi mnazozililia zilitoka kwenye makopo ya DuPont yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari: Duco, ambayo ni nitroselulosi, na Lucite, ambayo ni akriliki. Fiesta Red ilikuwa rangi ya Ford Thunderbird ya 1956. Lake Placid Blue ilikuwa ya Cadillac Eldorado Brougham ya 1958. Mteja akitaka rangi ya namna hiyo badala ya ile ya kawaida, aliongezewa asilimia 5 kwenye bei. Gibson, wapinzani wao, nao walipotaka kujibu mapigo walimfuata Ray Dietrich, mchoraji wa magari, akawachorea umbo la Thunderbird, besi iliyotoka 1963. Kwa hiyo bodi ya gitaa na bodi ya gari ni ndugu wa siku nyingi.

Sasa balaa langu. Niliipeleka besi gereji moja, sitaitaja. Fundi ni mkali, mlango wa IST ukitoka mkononi mwake huwezi kujua ulibonyea wapi. Nikamkabidhi bodi, nikamwambia "nyekundu ya kandi", ile inayong'aa kwa ndani, nikaondoka zangu kazini Mtumba. Kosa la kwanza ndilo hilo, na ni langu.

Siku ya kuichukua iling'aa mpaka nikajiona meno. Nafika nyumbani, naanza kufunga shingo: haiingii. Ule mfuko wa shingo ulikuwa umepigwa praima (rangi ya msingi), rangi, na klia (ile ya juu isiyo na rangi) kama sehemu nyingine zote, na pale nafasi ni ya unene wa karatasi. Nikaisukuma kwa kiganja. Ikaingia na mlio mdogo, ta! Nikafurahi. Kumbe mlio ule ni klia imepasuka. Kwenye kona ya mfuko kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unapanda kuelekea pembe ya juu.

Haikuishia hapo. Nachomeka kwenye spika: zzzzzz. Nashika nyuzi: zzzzzz ileile. Wapigaji mnajua, besi ikiwa nzima ukishika nyuzi ule mvumo unatulia, kwa sababu chini ya briji kuna kiwaya cha ethi kinachogusa chuma. Fundi wangu alikiona kiwaya kimechungulia tunduni, akakilaza vizuri, akakipulizia praima, rangi na klia. Alikizika kwa heshima zote.

Naendelea baadaye, mgambo wa nyumbani anaita chakula.

#2 Mdau wa Nkuhungu

Naweka kambi. Picha mkuu.

#3 Mwanakwaya

Hahaha "alikizika kwa heshima zote". Sisi kanisani besi yetu inavuma hivyohivyo mwaka wa pili, mzee wa kwaya anasema ni spika. Kumbe!

#4 Fundi rangi, Chang'ombe

Mimi napiga rangi magari, naomba nimtetee mwenzangu kidogo. Hujamwambia nini kisipakwe. Sisi tukiletewa kitu tunapaka chote kinachoonekana. Bampa halina "mfuko wa shingo". Gari likiletwa, vioo na taa tunajua kuziba kwa sababu tumekua nazo. Gitaa ulipaswa uzibe mwenyewe kabla hujalitoa mlangoni kwako.

Halafu alitumia puti, ile ya kujazia mabonde, au hakutumia?

#5 Mwanzisha uzi

Fundi, umenishika pabaya na umesema kweli. Puti alitumia, bodi nzima. Na kabla ya puti alimwagia dawa ya kubandua rangi akaitoa ile nyeusi ya kiwandani mpaka mbao ikabaki wazi.

Hapo ndipo ninapotaka watu wakae wasome polepole.

Ile rangi ngumu ya kiwandani kwenye besi za bei ya chini mara nyingi ni poliesta au poliyurethani, nene, imekauka kama jiwe. Watu wanaichukia, wanaibandua kwa dawa au moto. Msiibandue! Kama haijabanduka yenyewe, hiyo ndiyo praima bora utakayopata maishani. Imeshaziba vinyweleo vya mbao na imeshanyooka. Unaipitishia msasa namba 400 wa maji mpaka mng'ao wote ufe, iwe kama ubao wa shule uliofutwa. Palipochubuka unajaza. Basi. Ukiitoa, unaanza kazi ambayo kiwanda kilishaimaliza.

Mimi yangu ilishatolewa, na puti ya gari ikalala juu ya mbao tupu. Bati halinywi kitu. Mbao inakunywa, halafu inapumua. Hapa Dodoma hewa ni kavu karibu mwaka mzima, mvua yetu ni ya kati ya Desemba na Machi au Aprili. Besi iliyokaa Kariakoo kwenye unyevu wa bahari ikipandishwa huku, mbao inajikunja taratibu. Miezi mitatu baadaye nikaanza kuona mstari umenyooka katikati ya bodi, chini ya klia, kama mtu ameuchora kwa rula. Ni kiungio cha vipande viwili vya mbao. Bodi nyingi si kipande kimoja, zimeunganishwa kwa gundi. Na pale chini kwenye kitako, mbao ilipokatwa kuonyesha ncha za nyuzi zake, rangi ikazama ikawa na mawimbi.

Nikaamua kuanza upya.

#6 Mdau wa Dar

Mkuu sisi huku tatizo letu kinyume. Nilipiga laka ya NC (nitroselulosi) kipindi cha masika, ikageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Fundi samani akaniambia ni unyevu.

#7 Mwanzisha uzi

Ni kweli kabisa. Thina ikikimbia haraka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unageuka maji ndani ya laka. Huku hilo nimeliona Januari tu. Miezi mingine yote adui yetu ni vumbi na jua.

Jua kwanza. Ukipuliza saa saba mchana, rangi inakauka ikiwa hewani kabla haijafika kwenye bodi. Inatua kama unga, inakwaruza. Au juu inakauka upesi, thina iliyobaki chini inatafuta njia ya kutoka, unapata vitundu vidogo kama vya sindano. Dawa ni thina ya taratibu, siyo ile ya haraka unayopewa dukani usipouliza, na kupuliza asubuhi.

Vumbi ndilo lenyewe. Mnaoishi huku mnaujua upepo wa Agosti mpaka Oktoba. Nilihamia kwenye banda la fundi seremala Kizota, lina kuta tatu na turubai. Tuliamka saa kumi na moja. Nikamwagia sakafu maji mpaka ikawa matope mepesi, nikalowesha na turubai, nikavaa shati la nailoni lisilotoa nyuzinyuzi. Saa kumi na mbili kamili tunapuliza, saa mbili tunafunika. Pamoja na hayo yote, mkupuo wa pili wa klia mdudu mmoja akaja akatua juu ya pembe, akaanza kutembea. Fundi akasema usimguse. Nikamwacha amalize safari. Klia ilipokauka nikaondoa mguu wake mmoja na nyayo zake zote kwa msasa 1500. Ningemtoa kwa kidole ningekuwa na shimo.

#8 Mdau wa Kondoa

Sasa tupe hatua za kandi yenyewe. Maana kila fundi anasema anaijua, ukiona kazi yake ni nyekundu ya bajaji.

#9 Mwanzisha uzi

Kandi siyo rangi moja. Ni rangi ya kung'aa chini, na juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, kama soda ya rasiberi kwenye glasi. Mwanga unaingia, unagonga rangi ya fedha iliyo chini, unarudi ukiwa umetiwa rangi. Candy Apple Red ya Fender ilitoka namna hiyo, mwaka 1963, na hiyo haikutoka kwenye gari la kiwandani: watu wa kurembesha magari Marekani ndio waliotangulia kuipiga kwa mkono.

Nilivyofanya mara ya pili, kwa ufupi pale ambapo hakuna jipya:

Bodi ilisuguliwa puti yote ikatoka. Fundi seremala akaipiga sila ya mbao ya kuziba vinyweleo, ileile wanayoweka kwenye makabati, mara tatu, na pale kwenye kitako mara tano kwa sababu ndipo panapokunywa zaidi. Tukaiacha wiki mbili izame inavyotaka kuzama. Msasa 320. Praima ya 2K (ile inayochanganywa na hadina ya kuikausha), msasa 400 halafu 600.

Kabla ya praima nilikata kijiti cha mninga kwa upana wa mfuko wa shingo, nikakifunga kwa skrubu zilezile za shingo. Faida mbili: mfuko umezibwa, na una mkono wa kushikia, unaweza kuigeuza bodi kama mshikaki. Kiwaya cha ethi nikakivuta ndani, tundu lake nikaziba kwa kipande cha sponji. Vyumba vya pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, nikajaza magazeti.

Kisha fedha. Nilitumia 1F7, ile fedha ya Toyota unayoiona barabarani kila ukigeuka. Kama hujui namba ya rangi ya gari unalolipenda, kama ni Toyota iliyotoka Japani fungua boneti, tafuta kibati ukutani nyuma ya injini, soma palipoandikwa C/TR. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Ukipenda ile nyeupe ya lulu, 070, jiandae: ni hatua tatu, nyeupe chini, lulu katikati, klia juu. Duka likikuuzia kopo moja tu la 070, umepewa nusu ya rangi.

Halafu nyekundu yenyewe. Hapa ndipo mikono inapotetemeka. Kila mkupuo unaongeza weusi. Ukisimama nusu sekunde mahali pamoja, umechora mstari mweusi ambao haufutiki. Ukikimbilia kwenye kingo kama ilivyo desturi, kingo zinakuwa nyeusi na katikati pinki. Kila mpito ufunike robo tatu ya mpito uliotangulia, na bunduki ianze kupuliza kabla haijafika kwenye bodi, iachiwe ikishapita. Nilikuwa na kibao cha majaribio, kipande cha mbao kilichopigwa fedha ileile. Nilikipuliza pamoja na bodi lakini kila mkupuo nikafunika kipande kwa tepu, ikawa ngazi: mkupuo 1, 2, 3, mpaka 8. Wa sita ndio niliousimamisha. Wa nane ulikuwa damu ya mzee. Kichwa cha shingo nilikipiga siku hiyohiyo, idadi ileile ya mikupuo, la sivyo kisingelingana na bodi milele.

Klia ya 2K, mikupuo mitatu, tukafunika.

#10 Fundi rangi, Chang'ombe

Hapo kwenye 2K nataka kuongea na vijana. Hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu. Sisi wengine tumeipuliza miaka na kitambaa puani, na kuna wenzetu leo hawawezi kukaa karibu na kopo lililofunguliwa, kifua kinabana papo hapo. Ikishakuzoea vibaya ni pumu, na haikuachi. Kitambaa hakizuii. Barakoa ya hospitali haizuii. Angalau ile ya mpira yenye makopo mawili ya mkaa, mpya siyo ya kurithi, mikono mirefu, na banda liwe wazi upande mmoja. Wenye uwezo wanatumia ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Usipulizie chumbani wanapolala watoto. Nimeona mtu anafanya hivyo kwa gitaa.

#11 Mwanakwaya

Asante fundi. Swali langu: sauti haibadiliki? Mpiga besi wetu anasema rangi nene inaua besi, gitaa linakuwa kama debe.

#12 Mwanzisha uzi

Kwenye gitaa la kavu lenye tumbo nakubali, ubao wa juu ni mwembamba na ndio unaotikisika. Besi ya umeme ni gogo. Pikapu inasikiliza uzi wa chuma unavyotikisika juu ya sumaku, haisikilizi rangi. Nilirekodi kabla na baada, nikampa mpiga besi wa kanisa jirani achague, akachagua, akabadilisha, akachagua tena. Mimi mwenyewe sikusikia tofauti. Nyuzi mpya zinabadilisha sauti kuliko makopo kumi ya klia. Mwambieni aanze na hizo, na kile kiwaya cha ethi.

Uzito ndio unaweza kuongezeka ukipiga puti ya nguvu. Besi tayari ni kilo nne na ushee, unaibeba ibada nzima begani.

#13 Mdau wa Nkuhungu

Picha bado.

#14 Mdau wa Dar

Mimi nashikilia nitro, hiyohiyo laka ya NC. Rangi ya zamani ina utu wake. Inazeeka na mwenyewe.

#15 Mwanzisha uzi

Sikupingi, ukiwa na subira. Nitro kila mkupuo unayeyusha wa chini yake, zinakuwa kitu kimoja, na ukichubua leo unaweza kurekebisha baada ya miaka kumi bila alama. Na kuzeeka ndiyo, juu inageuka njano: nyeupe inakuwa krimu, bluu inaelekea kijani, ndiyo maana besi za miaka ya 60 watu wanabishana rangi yake ilikuwa ipi.

Lakini inakauka taratibu, wiki tatu, nne. Kipimo changu ni pua: iweke bodi usoni, vuta. Ikinuka thina, bado. Na inachukia mpira. Usiiweke kwenye stendi yenye sponji au mpira wa kawaida ukaiacha usiku, asubuhi stendi imejichora mgongoni. Stendi za makanisani karibu zote ni za hivyo. Na usipige nitro juu ya rangi ya mafuta ya milangoni, thina yake itaikunja yote kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kwa besi inayozunguka na kwaya kwenye karia ya Noah, mimi 2K.

Kandi ina udhaifu wake pia, nisije nikaonekana nauza: jua linaifubaza. Usiitundike dirishani.

#16 Mdau wa Kondoa

Na kusugua mwisho?

#17 Mwanzisha uzi

Niliisubiri wiki nzima. Msasa wa maji 1500, 2000, tone la sabuni kwenye ndoo, halafu kompaundi ya kung'arishia na kitambaa kwa mkono. Mashine ya gereji sikuikubali, inachemsha kingo. Kingo usiziguse kabisa na msasa, klia pale ni nyembamba, ukitoboa umefika kwenye nyekundu na kandi haina kiraka.

Kuna kitu sikukisoma popote, nilijifunza kwenye kibao changu, bahati nzuri siyo kwenye bodi. Matundu ya skrubu. Maji ya msasa yakiingia tunduni mbao inavimba, klia inayozunguka tundu inapasuka kama jicho. Kwa hiyo kabla ya kusugua nilidondosha nta ya mshumaa kwenye kila tundu. Matundu yote. Yale ya kifungo cha mkanda pia, niliyasahau nikarudi.

#18 Mdau wa Nkuhungu

Gharama mkuu, na usikimbie.

#19 Mwanzisha uzi

Bei zinapanda na kushuka, nikiandika leo kesho mtanitukana. Kipimo ni hiki: bodi ya besi ni kazi ya bampa moja. Muulize fundi wako bampa analipiga kwa kiasi gani, hiyo ndiyo bei ya kuanzia. Kandi ongeza, kwa sababu ya mikupuo. Rangi robo lita ya fedha inatosha na kusaza, klia nusu lita. Tena usinunue kopo zima la lita, tafuta duka linalopima. Kilichonigharimu zaidi ni ile kazi ya kwanza.

#20 Fundi rangi, Chang'ombe

Na wazee wa kanisa walisemaje kuhusu hiyo nyekundu?

#21 Mwanzisha uzi

Jumapili ya kwanza nilikuwa na wasiwasi kweli. Mzee mmoja wa Kigogo, anapiga zeze vizuri sana, alikuja baada ya ibada akaikodolea macho, akaigeuza, akapitisha ukucha pale kwenye mfuko wa shingo. Akauliza nani kaziba hapa. Nikamwambia mimi. Akasema zeze lake naye analifunga mwenyewe, hampi mtu. Halafu akauliza kama ile rangi ya fedha imebaki, ana pikipiki.

Imebaki, fundi. Robo kopo. Jumamosi tunalipiga tangi lake palepale Kizota, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya upepo. Mdau wa Nkuhungu, njoo upige picha mwenyewe.